UNAKIMBILIA WAPI USIKU HUU?



Karatasi hii umepewa bure, na aliyekupa hajakuuliza dini yako wala kabila lako. Usiifungie karanga kabla hujaisoma. Hata kama hujaingia kanisani tangu ubatizwe ukiwa mtoto, au hujaingia kabisa, soma tu. Kama unaendesha bodaboda hapa Ilembo, au mjini Mpanda, au unapenda kupanda nyuma na kumwambia dereva "ongeza, ongeza", basi karatasi hii ni yako wewe.

TAA MBILI ZILIENDA, MOJA IKARUDI

Ilikuwa mwezi wa pili, wakati wa masika yetu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Saa nne usiku ikabaki manyunyu tu. Pale kijiweni tulikuwa vijana kama kumi hivi, hakuna abiria, hakuna hela. Wawili wakaanza kubishana nani ana mashine kali. Ubishi ukawa dau. Kila mmoja akatoa shilingi 20,000. Hela zote 40,000 wakanikabidhi mimi nizishike, maana nilikuwa mkubwa wao, na simu yangu ndiyo ya kupimia muda.

Mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa damu. Alikuwa na miaka 19. Pikipiki yake ilikuwa ya mkataba, amebakiza miezi minne iwe mali yake. Nakumbuka alishika breki, akaangalia barabara inavyong'aa, akaniuliza, "Kaka, au tusubiri kukauke?"

Kijana mwenzangu, swali lile mpaka leo nalisikia. Kama ningesema "subirini", wangesubiri. Lakini watu walikuwa wananiangalia. Nikasema, "Mvua si maji tu? Nani amewahi kufa kwa maji?" Watu wote wakacheka. Na yeye akacheka. Akawasha.

Taa mbili zilienda. Tukasikia mlio unapungua, unapungua. Tukasubiri. Ikarudi taa moja, polepole, na haikuwa yake.

Tulimkuta kwenye kalavati. Mvua ya mchana ilikuwa imekula ukingo wa barabara, na shimo limejaa maji. Usiku ule maji yale yalionekana sawasawa na lami. Hakuna tofauti! Alfajiri akafariki.

Msibani wakasema amerogwa. Wengine wakasema kuna mtu alimwonea wivu kwa sababu ya ile pikipiki. Mimi nilinyamaza, lakini nilijua. Hakuna mchawi aliyeshika simu kupima muda usiku ule. Ni mimi. Nilibeba udongo kaburini huku zile 40,000 zikiwa mfukoni mwangu.

Jina lake sitalitaja, maana mama yake yupo. Nitarudi kwa mama huyo kabla karatasi haijaisha. Kwanza nataka tuongee habari ya mbio.

HATA MABINGWA WALIIOGOPA MVUA

Huenda unasema, "Huyu mlokole anajua nini habari za mwendo?" Haya, tuongee mwendo.

Umewahi kusikia Safari Rally? Mashindano yale yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zamani magari yalipita Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanganyika, kilometa maelfu, mchana na usiku. Na kwa miaka mingi yalikimbizwa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua! Madereva walitoka Ulaya wakiwa na magari mazuri. Wakafika Afrika Mashariki, wakakutana na udongo mweusi wa mbugani, ule ambao ukilowa unashika tairi kama ugali wa moto.

Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80. Unajua yalimaliza mangapi? Saba! Mwaka 1968 yakaanza zaidi ya 90. Yakamaliza saba tena! Mengine yote yalibaki njiani. Na waliobaki njiani si wajinga. Ni watu waliojua kuendesha kuliko mimi na wewe.

Kulikuwa na dereva mmoja Mkenya, Joginder Singh, waliyemwita Simba wa Kenya. Alishinda mwaka 1965, akashinda 1974, akashinda tena 1976. Lakini mimi ninachokisifu kwake ni kitu kingine. Aliingia Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Wengi walimpita njiani kwa kasi, halafu akawakuta mbele wamezama kwenye tope. Alielewa kwamba anayeshinda ni lazima kwanza awe amefika!

Sasa jiulize. Wale walikuwa na taa nne au sita mbele ya gari. Walikuwa na mafundi wanawasubiri. Walikuwa na mtu pembeni, kazi yake ni kusoma njia na kumwambia dereva mbele kuna nini. Wewe una taa moja yenye matope, tairi kipara, kofia ngumu umeitundika kwenye usukani, na nyuma yako kuna mshikaji anapiga kelele. Nani kakwambia wewe utafika?

ADUI WATATU WA USIKU WA MVUA

Adui wa kwanza: UNAONA KIDOGO KULIKO UNAVYODHANI.

Barabara kavu inarudisha mwanga wa taa machoni kwako, ndiyo maana unaiona. Barabara yenye maji inautupa mwanga mbele, unapotea. Na mvua ikiwa nzito au kuna ukungu, ukiwasha taa kali zaidi ndiyo unaharibu kabisa, maana matone yanaurudisha mwanga usoni pako. Unabaki unaangalia ukuta mweupe.

Piga hesabu na mimi. Ukienda kilometa 80 kwa saa, kila sekunde moja unakata mita 22. Tuseme taa yako inaonyesha mita 30. Umeona shimo. Kuanzia jicho lione mpaka mkono ukamate breki, sekunde moja imekwisha. Zimebaki mita nane. Kwa mita nane, kwenye maji, utasimamaje? Ina maana ulishaingia shimoni kabla hujaliona!

Ndivyo dhambi ilivyo, kijana. Haikuonyeshi mwisho. Pombe haikuonyeshi mwisho, inakuonyesha chupa ya kwanza tu. Yule binti wa watu unayemdanganya, unaona leo, huoni miezi tisa mbele. Unakwenda kasi kuliko taa yako. Zaburi ya 119, mstari wa 105, inalifananisha Neno la Mungu na taa ya mtu anayetembea. Ni taa ya njia, inayotosha kuonyesha mahali pa kuweka mguu. Lakini inamtaka mwenye nayo aende mwendo wa taa, asiitangulie!

Adui wa pili: MAJI YANAFICHA SHIMO.

Mchana wa jua kila mtu anajua mashimo ya mtaa wake. Mvua ikinyesha, shimo linajaa, linang'aa, linapendeza kuliko hata lami. Rafiki yangu alipita kwenye kalavati lile asubuhi ya siku ile ile. Alilijua! Lakini asubuhi ukingo ulikuwepo, na usiku haukuwepo.

Wengi wanasema, "Mimi nayajua mambo haya, nimeanza zamani, sijawahi kudhurika." Rafiki, jana siyo leo. Njia ya jana imeliwa na maji usiku. Shetani hachimbi shimo lenye kibao cha hatari. Analijaza maji mpaka juu!

Adui wa tatu: TAIRI HALISHIKI CHINI.

Mvua ikianza tu, baada ya siku nyingi za jua, dakika zile za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani vinachanganyika na maji, barabara inakuwa sabuni. Hapo kuna mtu anasema, "Ni manyunyu tu." Kumbe ndiyo hayo! Na ukipita kwa kasi kwenye maji yaliyotuama, tairi linapanda juu ya maji, linaelea. Unakata kona, pikipiki haikati. Unakamata breki, breki zinakamata tairi, lakini tairi halina cha kukamata. Pale kwenye njia ya reli, chuma kikilowa, wangapi mmewahi kuanguka?

Unaelewa? Injini inanguruma, mshale unapanda, upepo unavuma usoni. Kila kitu kinakwambia uko vizuri. Kumbe hujagusa ardhi!

Na maisha ya vijana wengi ndivyo yalivyo leo. Kelele nyingi, muziki mkubwa, hela ya leo inaliwa leo. Lakini muulize, "Chini yako kuna nini?" Hakuna kitu. Yesu alitoa mfano wa nyumba mbili, moja juu ya mwamba, nyingine juu ya mchanga (Mathayo 7:24-27). Siku ya jua nyumba zote mbili ni nzuri. Zilitofautishwa na mvua. Ni mvua ile ile, ilinyesha kote kote!

MFALME ALIYEKIMBIZANA NA MVUA

Ndiyo, Biblia inayo habari ya mbio za gari kwenye mvua! Fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 18, mwisho mwisho.

Nchi ya Israeli ilikuwa na ukame miaka mitatu. Mfalme Ahabu alikuwa mtu mbaya, anaabudu Baali. Siku hiyo juu ya mlima Karmeli moto ulishuka kutoka mbinguni, Ahabu akiangalia kwa macho yake. Halafu kikatokea kiwingu baharini, kidogo, kama kiganja cha mtu. Nabii Eliya akamtumia Ahabu ujumbe: tandika gari lako, ushuke, kabla mvua haijakuzuia.

Kwa nini alimwonya? Kwa sababu bonde lile lina historia. Miaka mingi nyuma, jemadari mmoja aliyeitwa Sisera alifika na magari 900 ya chuma (Waamuzi 4:3). Hakuna aliyeweza kushindana naye. Lakini mbingu zikamwaga maji, mto Kishoni ukafurika, na Sisera mwenye magari 900 akashuka, akakimbia kwa miguu yake! (Waamuzi 4:15, 5:4, 21.) Magari 900, na hata moja halikumfikisha nyumbani.

Basi Ahabu akapanda gari. Mbingu zikawa nyeusi, upepo, mvua kubwa. Gari la mfalme linakimbia jioni ile kuelekea Yezreeli. Na mbele ya gari anaonekana nani? Eliya, kwa miguu! Mkono wa Bwana ulikuwa juu yake. Hana gari wala farasi, lakini akafika mlango wa mji mbele ya mfalme. Haleluya!

Sasa nisikilize vizuri hapa, ndipo penye ujumbe wako. Ahabu alifika salama. Hakuanguka. Hakukwama. Pengine usiku ule alisema, "Si mnaona? Nimepita!" Akaingia nyumbani, akamsimulia mkewe Yezebeli kila kitu, moto na mvua, halafu akabaki Ahabu yule yule. Hakutubu. Alidhani kufika salama ni kibali cha kuendelea.

Ukifunua sura ya 22, utamkuta tena ndani ya gari. Safari hii ni vitani. Amejibadilisha mavazi asitambulike. Mtu mmoja akavuta upinde bila kumlenga mtu maalumu, mshale ukapita katikati ya maungio ya deraya. Wakamtegemeza ndani ya gari lake mpaka jioni, naye akafa humo humo.

Ewe kijana! Umepona mara ngapi? Ile kona ya mwaka jana. Lile lori uliloliona dakika ya mwisho. Ule usiku uliolala mtaroni umelewa, ukaamka mzima. Ulidhani wewe ni mjanja? Nakwambia, ulipewa muda. Usiku uliopona ulikuwa ni Mungu anakuita, na wewe ukadhani anakupigia makofi.

Simaanishi kwamba kila anayekufa barabarani Mungu amemwadhibu. Hapana. Rafiki yangu hakuwa mwenye dhambi kuliko mimi. Kama ni kustahili, basi usiku ule aliyestahili nilikuwa mimi mshika dau.

UMEMPAKIA NANI NYUMA?

Wale madereva wa Safari hawakwenda peke yao. Msoma njia alikaa pembeni, ameipitia njia mapema, ameandika kila kona. Dereva haoni, lakini anaambiwa: kona kali kushoto, mbele kuna mto. Naye anatii kabla ya kuona. Akibishana, wanakufa wote wawili.

Wewe nani anakusemea sikioni? Mimi nilikuwa sauti nyuma ya rafiki yangu, na sauti yangu ilisema "nenda". Chunguza sauti zako, kijana! Wanaokushangilia kijiweni usiku huu, ni wangapi watakusukumia kiti cha magurudumu?

Mpe Yesu nafasi hiyo. Yeye njia hii aliipitia. Aliingia usiku wa kaburi, akatoka asubuhi ya tatu akiwa hai. Hakuna kona asiyoijua, hata ile ya kifo.

MAMA ALINIULIZA SWALI

Miezi mitano nilikaa na zile 40,000. Sikuweza kuzitumia wala kuzitupa. Kila mvua ikipiga bati, silali. Nikaongeza pombe, haikusaidia. Jioni moja nikasikia spika za mkutano wa injili, nikaenda ili nisikae peke yangu tu. Mhubiri alisema damu ya Yesu inasafisha hata dhambi ambayo hakuna mtu aliyekushitaki kwayo. Miguu ikanipeleka mbele. Nililia kama mtoto.

Kesho yake nikaenda kwa mama wa rafiki yangu. Alikuwa anachambua dagaa wa kuuza sokoni. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba baba, karibu." Nikapiga magoti pale kwenye dagaa, nikamwambia yote. Dau, simu, kicheko, na lile neno langu. Nikaweka hela mbele yake.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Mlikuwa mnakimbilia wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Walikuwa wanaenda mpaka kwenye kibao, wanageuza, wanarudi pale pale tulipokuwa. Hakuna walipokuwa wanakwenda.

Akazihesabu zile hela. Akagawa mara mbili. Akanirudishia nusu, akasema, "Hii ni ya yule mwenzake. Mpelekee. Mwambie mama anamwita, asiogope." Kisha akafuta macho kwa khanga, akaniambia, "Sogea huku, ule. Umekonda."

Kijana mwenzangu, nimesikia mahubiri mengi ya msamaha, lakini siku ile niliuona kwenye sahani. Na kama mama mwenye uchungu vile aliweza, itakuwaje Baba wa mbinguni, aliyemtoa Mwanawe kwa hiari kwa ajili yako?

UFANYE NINI SASA?

Kwanza, ukiokoka usiku huu, kesho ikinyesha EGESHA! Usiseme "Yesu atanilinda" huku unashindana kwenye maji. Huko ni kumjaribu Mungu. Vaa kofia ngumu. Badilisha tairi kipara. Futa taa. Mwenzako akikuuliza "tusubiri?", mwambie "tusubiri", hata wakikucheka wote. Hesabu ya bosi itapatikana kesho. Wewe hutapatikana.

Pili, usiahirishe moyo wako. Leo wingu ni dogo kama kiganja. Ndiyo saa ya kutandika.

Hakuna maneno ya uchawi hapa. Kama moyo wako umeguswa, sema na Mungu pale ulipo, hata kama umekaa juu ya pikipiki:

"Bwana Yesu, nimekimbia sana na sijui ninakokwenda. Nimekosa mbele zako na mbele za watu. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Keti nami, uniongoze, nami nitakutii hata nisipoona mbele. Nipe ujasiri wa kutengeneza niliyoyaharibu. Amina."

Kama umesali hivyo kwa moyo, njoo mbele kwenye mkutano jioni, au mtafute yule aliyekupa karatasi hii, umwambie. Akuombee. Na kama kuna mtu unamdai msamaha, au una hela ya mtu mfukoni, nenda kesho asubuhi.

Ukimaliza kusoma, usiitupe. Mpe dereva mwenzako kijiweni. Mvua bado inanyesha.

Mungu akubariki!